Kibodi ya Kuosha: Namna ya Kuchagua Itakayohimili Chai, Vumbi na Mikono ya Watu

Maji safi peke yake ni nadra kuua kibodi. Yakimwagika, ukachomoa waya upesi, ukaigeuza kifudifudi na kuiacha ikauke sawasawa, mara nyingi inarudi kazini. Kinachoua ni kile kilichokuja pamoja na maji: sukari ya chai, maziwa, chumvi ya mchuzi, tindikali ya soda. Maji yakishakauka hivyo vinabaki ndani. Sukari inagandisha vitufe, chumvi inakula njia nyembamba za umeme, maziwa yanachacha na kuanza kunuka. Ndiyo maana nikitafuta kibodi naanza na swali moja: ikichafuka, nitaweza kuiosha? Kuvumilia kumwagikiwa ni jambo moja na kuosheka ni jambo jingine, na madukani huuzwa kama kitu kimoja.

Mimi nina steshenari Ngamiani, Tanga. Kompyuta yetu ya mbele, ile ya wateja, inaguswa tangu tunapofungua. Mwanafunzi anajaza fomu ya mkopo wa elimu ya juu, mzee anasimamia mkataba wake wa kuuza shamba uchapwe, bi harusi mtarajiwa anachagua maandishi ya kadi, kijana anahangaika na maombi ya kazi kwenye Ajira Portal. Muuza kahawa anapita na birika lake, anamimina, na kikombe kinatua pale penye nafasi, yaani kando ya kibodi. Siwezi kumkataza mtu kunywa kahawa yake akisubiri kuchapiwa. Atanyanyuka aende duka la jirani. Basi kibodi ndiyo itakayovumilia.

Tuanze na boksi, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapouziwa maneno.

Kwenye boksi utakuta mojawapo ya maneno matatu ya Kiingereza. "Spill-resistant" ni ahadi ndogo: ukimwagia kiasi kidogo, huenda isiharibike. Haikuruhusu kuiweka chini ya bomba. "Washable" ndiyo ya kuosha, na yenyewe sharti ije na maelezo ya namna ya kuosha: kina cha maji, sabuni gani, waya ufanyweje. "Waterproof" pasipo namba yoyote pembeni haikwambii kitu. Muuzaji akikwambia "hii dada haiingii maji kabisa", mwombe akuonyeshe namba.

Mfano ulio karibu nasi ni Logitech K120, kibodi ya waya iliyojaa maofisini. Mtengenezaji ameitolea matundu ya kupitishia maji na ameeleza mpaka wake waziwazi: ilijaribiwa kwa kimiminika kisichozidi mililita 60, na haitakiwi kuzamishwa. Mililita 60 ni kikombe kidogo cha kahawa chungu, basi. Kikombe cha chai ya maziwa cha mama ntilie kinabeba mililita 200 au zaidi. Kwa mtu anayefanya kazi peke yake na kunywa maji ya chupa yenye kifuniko, K120 inamtosha na pesa yake itakuwa imekwenda mahali pazuri. Kwa meza ya wateja haitoshi. Kampuni hiyohiyo ilitoa K310 mwaka 2012, nayo ilibuniwa kuoshwa hasa: ina matundu ya kutolea maji mgongoni, na mtengenezaji aliruhusu izamishwe kwenye maji ya kina cha hadi sentimita 28, ila waya wa USB ubaki nje. Ni modeli ya zamani sasa, lakini naitaja kwa sababu ukizilinganisha hizi mbili unaiona tofauti ninayoisema. Zote zina matundu, zote zimetoka kiwanda kimoja, ila moja unaifuta na nyingine unaiogesha.

Namba niliyosema uiombe huanza na herufi IP zikifuatwa na tarakimu mbili. Ni kipimo cha kimataifa kiitwacho IEC 60529. Tarakimu ya kwanza, 0 hadi 6, ni ya vitu vikavu kama vumbi. Ya pili ni ya maji. Ikiandikwa X mahali pa tarakimu, ujue upande huo haukupimwa au haukutajwa. Upande wa maji, 2 ni matone yanayodondoka kutoka juu kifaa kikiwa kimeinamishwa kidogo, nyuzi 15. 4 ni maji ya kurushiwa kutoka pande zote. 5 ni maji ya mpira wa bustani, 6 ni hayohayo kwa nguvu zaidi. 7 ni kuzamishwa mita moja kwa nusu saa, na 8 ni kupita hapo, kwa masharti anayoyataja mtengenezaji.

Kuna mambo mawili kuhusu namba hizi ambayo muuzaji hatakwambia. Kwanza, vipimo hivi hufanywa kwa maji safi. Hakuna anayepima kwa juisi ya miwa. IPX7 inakuhakikishia maji hayakupenya kwa kiasi cha kudhuru. Haikwambii kama kitufe cha Enta kitakwama baada ya soda. Pili, 7 haibebi 5 ndani yake. Kifaa kinaweza kuvumilia kuzama kimya kimya ndani ya beseni na kikashindwa na bomba lenye presha. Kikivumilia vyote, mtengenezaji huandika zote mbili. Basi kibodi ya IPX7 iogeshe kwenye beseni, usiipigie bomba.

Tarakimu ya kwanza nayo usiipuuze. Corsair ilitoa kibodi ya wacheza gemu, K68, iliyotangazwa kwa IP32. Namba inavutia ikiandikwa kwa herufi kubwa, lakini 3 ya mbele maana yake ni kwamba imezuia vitu vya unene wa milimita 2.5 kwenda juu. Sisimizi ni mwembamba kuliko hapo. Kwetu huku sisimizi ni habari nzito: chai yenye sukari ikiingia chini ya vitufe jioni, asubuhi unakuta mstari wao umetoka ukutani, umepita mezani, umeingia pembeni mwa kitufe cha spesi. Wakishaingia unawabonyezea ndani, wanafia mlemle, na sasa una sukari na mizoga yao pamoja. Ukitaka kuwazuia wao na vumbi, tafuta 5 au 6 hapo mwanzo, kama IP65 au IP68.

Ukimaliza boksi, geuza kibodi yenyewe. Mgongo wake unasema ukweli kuliko boksi.

Kibodi za kuosha zimejengwa kwa njia mbili. Ya kwanza inayaruhusu maji yaingie kisha inayatoa. Ukitazama mgongoni utaona matundu, na ukiinamia pembeni mwa vitufe utaona vijia vinavyoelekea kwenye matundu hayo. Ndani yake kuna karatasi laini za plastiki zilizochorwa njia za umeme, zimefungwa kingo zake, na juu yake vikofia vya mpira vinavyokirudisha kitufe ukikiachia. Maji yanapita juu ya karatasi hizo yakishuka nje. Hapa kagua jambo moja: matundu yawe wazi kabisa. Kuna kibodi za kuiga ambazo matundu yake ni mapambo, yamechorwa kwenye plastiki na hayatobokei popote. Tia ncha ya kijiti cha meno taratibu kwenye moja. Ikigota palepale juu, irudishe.

Ya pili imefunikwa yote kwa silikoni, haina uwazi wowote kati ya kitufe na kitufe. Hakuna kinachoingia, hivyo hakuna cha kutoa. Mdogo wangu anakaa mapokezi kwenye zahanati, na wao wanatumia hizi. Anaandikisha mgonjwa, anafuta kibodi kwa kitambaa chenye spiriti, anamwita mwingine. Kwa kazi ile kibodi yenye matundu isingefaa hata kama inaosheka vizuri namna gani, kwa sababu kitambaa hakifiki ubavuni mwa kitufe, na pale ndipo uchafu wa mikono unapojificha. Huko Marekani kuna kampuni kama Seal Shield na Man & Machine ambazo zimejikita kwenye kibodi za hospitali za aina hii.

Silikoni ina gharama yake, na gharama hiyo wanalipa vidole. Unatakiwa ubonyeze kwa nguvu zaidi, na kitufe hakikupi ule mlio mdogo wa kukujulisha kwamba herufi imeingia. Kuandika jina na namba ya simu ya mgonjwa si tabu. Kuchapa mkataba wa kurasa sita ni tabu, na mtu anayechapa kutwa atalalamika viganja jioni. Kwa hiyo dukani kwangu nimegawa: kompyuta ya wateja ina ya silikoni, meza yangu ya kuchapia ina yenye matundu. Ningekuwa na uwezo wa kununua moja tu kwa duka zima, ningechukua yenye matundu.

Zile laini kabisa zinazokunjwa kama mkeka na kubebwa kwenye begi nazo zinaosheka, hilo ni kweli. Sizipendekezi kwa kazi ya kila siku. Hazina mgongo mgumu, zinacheza mezani, na herufi zinarukwa ukichapa haraka.

Kibodi za mekanika, zile zenye mlio na chemchemi chini ya kila kitufe, ni raha kuchapia, ila kila kitufe kina swichi yake yenye uwazi, na sukari ikiingia swichini hutaitoa kwa beseni. Ukizipenda, weka kinywaji mbali.

Herufi ndizo zinazosahaulika. Kibodi ya kuosha itasuguliwa mara nyingi kuliko ya kawaida, kwa hiyo maandishi yake yawe ya kudumu. Inamishe kwenye mwanga, pitisha ukucha juu ya herufi. Ukihisi kingo, ni stika au wino uliopigwa juu, na hautakaa. Zilizochongwa kwa leza zinakaa zaidi. Zinazodumu kupita zote ni zile ambazo herufi ni plastiki ya rangi nyingine iliyopenyezwa ndani ya kitufe chenyewe. Hizo hata kitufe kikichakaa herufi ipo. Kwetu wanaochapa Kiswahili kutwa, A ndiyo inayokwenda kwanza, kwa sababu lugha yetu inaiita karibu kila neno. Kwa hiyo ukucha wako uanzie kwenye A. Na usifute kwa dawa ya kutolea rangi ya kucha. Asetoni iliyomo humo inayeyusha plastiki ya vitufe vingi.

Mpangilio wa herufi nao utazame kabla ya kulipa, hasa kama ni mtumba. Mitumba ya kutoka Ujerumani ina Y na Z zilizobadilishana mahali. Ya Kifaransa, ambayo ndugu zetu wa Bujumbura na Lubumbashi wameizoea, ina A pale sisi tulipo na Q. Zinazopitia Dubai mara nyingi zina herufi za Kiarabu pembeni, na hizo hazina shida kwa mchapaji wa Kiswahili. Ya Uingereza na ya Marekani zinatofautiana mahali pa alama ya @: ya Marekani iko juu ya 2, ya Uingereza iko kwenye kitufe cha ritifaa, kile kialama cha ng'. Mteja anayeandika barua pepe yake kwa mara ya kwanza anaweza kuitafuta alama hiyo hadi akate tamaa. Chagua moja, na kompyuta zote za dukani zifanane.

Kuhusu waya: mimi ni wa waya. Kibodi isiyo na waya ya kuosha ipo, lakini mara nyingi ina mlango wa betri, na mlango huo unategemea ukanda wa mpira ambao unachakaa kadiri unavyofunguliwa. Ya waya ina sehemu moja tu ya kulinda, nayo ni kichwa cha USB. Nyingi za kuosha huja na kifuniko kidogo cha mpira cha kichwa hicho. Kama kimefungwa kwenye waya wenyewe, vizuri. Kama kiko huru, kifungie uzi siku ileile, kwani kikipotea huna pa kukinunua.

Kabla hujatoa pesa, mwombe muuzaji aichomeke kwenye kompyuta. Kariakoo na hata hapa Tanga watakubali ukiomba kwa upole. Fungua ukurasa mtupu uandike kwa mwendo wako wa kawaida, usidonoe kidole kimoja kimoja. Andika maneno yenye ritifaa kama ng'ang'ania na ng'ombe. Kiswahili hakina Q wala X, kwa hiyo watu hujaribu kibodi nzima wakaziruka hizo mbili, kisha nyumbani nywila inagoma. Zibonyeze kwa makusudi. Bonyeza kitufe cha spesi kwenye ncha zake zote mbili na katikati. Kikikubali katikati tu, acha. Pitia namba za upande wa kulia kama unafanya hesabu. Uliza pia waranti inasemaje juu ya vimiminika, kwa maana nyingi huvitoa nje, hata kwa kibodi yenye picha ya tone la maji kwenye boksi. Jibu liandikwe kwenye risiti.

Kama unatumia laptopu, jua kwamba kibodi yake imekaa juu ya moyo wa mashine. Baadhi, kama ThinkPad nyingi, zina mifereji ya kupitisha maji hadi chini, lakini huo ni msaada wa dharura, wala laptopu ya kawaida si ya kuoshwa. Ukiwa na watoto nyumbani, chomeka kibodi ya nje ya kuosha na uisogeze laptopu nyuma mezani. Uji ukimwagika, unamwagikia kitu kinachoweza kuingia beseni.

Sasa kuosha, maana kibodi nzuri inaweza kufa kwa kuoshwa vibaya.

Soma kwanza karatasi ya mtengenezaji. Akisema futa tu, futa tu. Kama inaruhusiwa kuzamishwa, chomoa waya, funga kifuniko cha USB, na uache kichwa cha waya nje ya beseni hata kama kimefungwa. Kung'uta makombo ikiwa bado kavu. Tumia maji vuguvugu, yasiwe ya moto, na sabuni kidogo ya kuoshea vyombo. Sabuni ya unga iache, chembe zake zinabaki kwenye vijia. Sugua kwa mswaki laini ukifuata mistari ya vitufe, kisha geuza upande usugue matundu. Chai ya maziwa iliyokauka haitoki kwa kusugua kwa nguvu. Iache iloweke kidogo, bonyeza vitufe vilivyoganda vikiwa ndani ya maji, na utaona rangi ya kahawia ikitoka yenyewe kwenye matundu. Endelea kubonyeza mpaka maji yabaki meupe.

Kusuuza ndiko kunakotaka uangalifu kwetu sisi wa pwani. Maji ya visima vingi huku yana chumvi. Ukisuuzia hayo, utakuwa umeitoa sukari ukaweka chumvi mahali pake. Kuosha osha kwa maji yoyote, lakini suuzo la mwisho liwe la maji ya mvua au ya kunywa. Hayahitajiki mengi, ndoo ndogo inatosha.

Kisha isimamishe ukutani kwa upande wake mrefu, juu ya taulo, feni ikipuliza. Kila ukipita igeuze upande wa pili na uitikise. Usiianike juani, kwani jua la saa saba linapinda plastiki. Usiitie kwenye mchele pia: mchele hauvuti maji yaliyojificha ndani, na unga wake unaingia kwenye matundu. Ipe usiku na mchana mzima. Kabla ya kuichomeka, itikise karibu na sikio na uipige taratibu juu ya karatasi nyeupe. Karatasi ikipata alama ya unyevu hata moja, irudi kwenye feni. Ukishaichomeka na ukaona herufi moja inajiandika yenyewe mfululizo, chomoa mara moja. Bado kuna maji, na kuiacha kwenye umeme ikiwa na unyevu ndiko kunakoleta kutu.

Kwa kuwa inachukua siku nzima kukauka, sisi tunaosha Jumamosi jioni tunapofunga, na ile K120 ya zamani inakaa kwenye droo kwa siku ambayo mtu atamwaga katikati ya wiki.